Njooni na kitochi: barua ya wazi kwa wanaopanga minara ya simu vijijini

Waheshimiwa,

Naandika kwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano, kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa makampuni ya simu na kwa wakandarasi wanaopokea kazi zao. Nawaandikia wote barua moja kwa sababu mnara mmoja wa kijijini hupita mikononi mwa wengi kabla simu ya mama yangu haijalia.

Mimi ni fundi wa minara. Huu ni mwaka wa 11 napanda. Nimefunga vifaa Singida, Katavi, Tanga na Lindi. Nyumbani ni milima ya Uluguru, ule upande wa mashariki unaotazama bahari, wenye karafuu, iliki, pilipili manga na mafenesi. Ukiwa Morogoro mjini usiku, ukiinua macho unaona taa nyekundu za minara iliyo juu ya kilele cha Bondwa. Mgeni akiziona hudhani mlima mzima una mtandao. Sisi tuko nyuma ya mlima huo.

Kijiji chetu kina mnara. Nalisema hili mapema ili nisijibiwe kwamba tumeshafikiwa. Mnara upo, umepakwa nyekundu na nyeupe, una uzio, una mlinzi. Na bado mama anatundika simu yake kwenye msumari wa dirisha la chumba cha watoto, kwa kuwa katika nyumba nzima ni hapo tu inaposhika. Akiitoa msumarini, mtandao unapotea. Kwa hiyo ikilia anaiacha pale pale, anabonyeza spika, anasogeza mdomo dirishani na kuongea kwa sauti. Nikimpigia kumuuliza habari ya presha yake, majibu yanasikika hadi uani kwa jirani.

Antena za mnara huo nilizifunga mimi.

Niliposikia kata yetu imo kwenye orodha niliomba nipangwe huko, na nikapangwa. Chuma kilikuwa kimeshasimama. Msingi, zege na kuinua vyuma ni kazi ya kikosi kingine. Sisi huja mwisho na antena, redio (kifaa kinachorusha mawimbi ya simu), dishi na kebo. Mmoja hubaki chini na kamba, wawili hupanda wakiwa wamejifunga mikanda ya usalama, na kifaa kimoja kimoja kinavutwa kwa kapi hadi juu. Antena huwa tatu, kila moja ikitazama upande wake na kufunika theluthi ya mduara. Mhandisi aliyeko ofisini anaandika kwenye karatasi kila antena itazame nyuzi ngapi na iinamishwe kiasi gani. Fundi anashika dira, anageuza, anakaza boliti, anapiga picha, anatuma. Ndiyo kazi.

Siku hiyo ukungu ulifunguka kama saa tano asubuhi. Nikiwa juu ya mita 40 nilikiona kijiji changu chote kwa mara ya kwanza maishani. Antena ya pili, kwa mujibu wa karatasi, ilitakiwa kutazama kusini, na kusini kulikuwa na msitu wa hifadhi, miti mitupu hadi kwenye majabali. Nilipogeuza shingo kushoto, nyuma ya tuta la mlima, niliona moshi wa majiko ya vitongoji vitatu na bati la bluu la zahanati. Hakuna antena hata moja iliyotazama huko moja kwa moja. Nikampigia msimamizi. Nilimweleza kwamba watu wako huku na karatasi inatupeleka msituni. Akajibu, "Funga kama karatasi inavyosema, picha zikipishana na karatasi hatulipwi."

Nikafunga.

Baadaye ndipo nikajua kisa cha karatasi ile. Ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya kilima kingine. Eneo la mnara lilihama, karatasi haikuhama.

Na kilima kile cha kwanza ndicho kilichofaa. Kila mtu kijijini anakijua, kwa maana watu walikuwa wakipanda huko kupiga simu miaka mingi kabla ya mnara wowote, wakidaka mawimbi ya mbali kutoka tambarare. Kuna mfenesi mkubwa hapo, na njia ya miguu iliyokatwa na watafuta mtandao. Mwenye kutafuta mahali pa kujenga mnara angeuliza tu, "Mnaendaga wapi mkitaka kupiga simu?", angeoneshwa hata na mtoto wa darasa la pili.

Lakini kilima hicho ni ardhi ya ukoo. Kwetu Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, na ardhi ya ukoo haina mtu mmoja wa kuiuza wala kuipangisha. Wajomba na wakubwa wa ukoo hukaa, husikilizana, hukubaliana. Aliyetumwa kutafuta eneo alifika asubuhi, akamkuta kijana analima, akamuuliza shamba la nani, kijana akasema la kwetu, wakaandikishana hapo hapo. Wajomba walipopata habari wakakataa. Hawakuukataa mnara. Walikataa kupitwa. Kikao cha siku mbili kingemaliza jambo hilo, na najua kwa sababu mmoja wa wajomba hao ndiye mjomba wangu. Mkandarasi hakuwa na siku mbili. Alihamia kilima cha pili, kilicho karibu na barabara, ambako gari la zege linafika bila taabu.

Simlaumu sana mkandarasi. Ana tarehe ya kukabidhi kazi, na akichelewa anakatwa. Lakini nani aliyempa tarehe isiyo na nafasi ya kukaa na wenye ardhi? Hapo nawauliza ninyi.

Mawimbi ya simu hayapindi kona ya mlima. Yanaweza kwenda mbali sana penye uwazi. Mnara wenye masafa ya chini, kama megahezi 900, kwenye tambarare za Singida nimeuona ukishika kilometa nyingi bila shida. Milimani hesabu hiyo haina maana. Mtu anaweza kuwa mita 800 kutoka kwenye mnara, akauona kwa macho taa yake ikiwaka usiku, na akishuka hatua 50 kwenda kisimani simu ikafa kabisa. Ukichora duara kwenye ramani kuuzunguka mnara wetu na kuhesabu watu waliomo, utapata kata nzima. Ukitembea kwa miguu utapata barabara, shule, maduka matano na ule msitu.

Naomba niseme pia yaliyo mema, kwa sababu ni kweli na mimi nimeyala matunda yake. Simu ya mkononi ilianza nchini mwaka 1994, Dar es Salaam. Kwa miaka mingi ilikwenda tu mahali penye fedha. Sheria ya mwaka 2006 iliyoanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilikuja kwa ajili ya watu kama sisi, kwamba pale ambapo kampuni haioni faida, ipewe ruzuku ijenge. Mei 2023 pale Dodoma ilisainiwa mikataba ya minara 758 katika kata 713, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Mimi nimepata ajira humo, na vijana wengi niliowafundisha kupanda wamepata. Nimefika vijiji ambako siku ya kuwasha mnara watu walilia. Nimemuona mzee akimpigia mwanawe aliye mbali, akashindwa kusema kitu, akawa anamshikia simu mkewe. Siandiki kubeza kazi hiyo. Naandika kwa sababu nimeona jinsi inavyoharibika katika mita za mwisho.

Waheshimiwa, zamani kukosa mtandao kulikuwa kukosa mazungumzo. Sasa kila kitu mmekipitishia kwenye simu. Mkulima akisajiliwa kwa mbolea ya ruzuku, namba yake inakuja kwa ujumbe wa simu. Malipo ya serikali yanataka namba ya malipo. Walimu walipewa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, na kwetu mwalimu anapanda nacho hadi kwenye mfenesi ili atume taarifa zake. Mnunuzi wa karafuu anapofika mlangoni na bei yake, bibi anayeanika hana njia ya kuuliza Morogoro leo wananunuaje. Anauza. Anayeshika mtandao anauza kwa bei nyingine, karafuu ile ile, mlima ule ule.

Na kuna 115.

Mfumo wa m-mama ni mzuri, na nausema kwa moyo wote. Mjamzito au mama aliyejifungua akipata dharura, namba 115 inapigwa bila malipo, kituo kinatafuta gari la wagonjwa, na kama halipo kinampigia dereva wa jamii aliyesajiliwa aje na gari lake. Rais aliuzindua kwa nchi nzima mwaka 2022. Mwaka uliofuata, mwezi wa nne, dada yangu alishikwa na uchungu usiku. Wakamfikisha zahanati, ile ya bati la bluu. Alijifungua kwa mwanga wa tochi, kisha damu ikagoma kukata. Muuguzi alijua cha kufanya, alikuwa na kitochi chake mkononi, simu ndogo ya vitufe, kina chaji, kina namba. Hakikushika. Walimtuma kijana wa bodaboda apande kwenye mfenesi. Huko nako kimya: mnara wetu ulikuwa umezimika tangu magharibi, na yale mawimbi ya mbali ya tambarare hayakushika usiku huo. Ikabidi avuke tuta la pili kwenye matope, saa nane ya usiku, hadi alipodaka mnara wa kata nyingine. Gari lilifika alfajiri, likasimama barabara ilipoishia, wakambeba kwa machela.

Dada yangu yu hai. Mtoto anatembea. Muuguzi yule na kijana yule wa bodaboda ndio waliowaokoa, pamoja na dereva aliyekubali kutoka usiku. Mnara haukuwamo.

Kwa nini ulizimika? Hili nalijua kama fundi, na ni jambo ninaloliona kila mahali, kwa hiyo nivumilieni nilieleze vizuri.

Mnara wa kijijini pasipo na umeme wa gridi unakula jua na betri, pengine na jenereta. Hesabu ya paneli na betri hufanywa kwa saa za jua za siku. Ukipeleka Uluguru mashariki seti ile ile unayoifunga Dodoma, umekosea tangu godauni. Dodoma hupata mvua kama milimita 570 kwa mwaka. Upande wetu hupita 2,000, na hata miezi isiyo ya masika tunaamka na ukungu unaokaa hadi adhuhuri. Siku tatu za manyunyu mfululizo, betri zinashuka, mnara unajizima saa moja au mbili baada ya giza kuingia, unaamka kesho yake jua likichomoza vizuri. Kwa hiyo anayekuja kukagua mchana anaukuta unafanya kazi. Anasaini. Anaondoka.

Jenereta? Linahitaji mafuta, na mafuta yanahitaji barabara. Mwezi wa nne gari la mafuta halifiki kwetu.

Kuna jambo la tatu ambalo wananchi wengi hawalijui, kwa hiyo hulaumu mnara wao bure. Lile dishi la mviringo kwenye mnara halizungumzi na simu zao. Linatazamana na dishi la mnara mwingine, mbali, na hilo linatazamana na jingine, hadi mjini. Minara ya milimani imeshikana mikono kama watoto wanaovuka barabara. Wa katikati akikosa umeme, wote walio nyuma yake wananyamaza hata kama betri zao zimejaa. Kwa hiyo mnara ulio katikati ya mnyororo unastahili betri nyingi kuliko mwingine wowote. Nimefunga minara ya namna hiyo iliyopewa betri sawasawa na ile ya mwisho wa njia. Mnajua ipi ni ipi. Michoro mnayo ninyi.

Mlinzi wa mnara wetu anajua kila kitu. Anajua unazima saa ngapi, anajua siku gani taa ya kabati inageuka nyekundu, amejifunza mwenyewe. Hana namba ya kumpigia mtu wa kuhusika. Hata angekuwa nayo, mnara ukizima angepiga kwa kutumia nini? Lakini angeweza kupiga asubuhi, au angeweza kuandika kwenye daftari, na kila mwezi daftari hilo likasomwa na mtu anayelipa kampuni kwa kazi ya kuutunza mnara ule. Sasa hivi analipwa kulinda mafuta na betri visiibwe. Mpeni mafunzo ya siku mbili, muone.

Kabla sijaja kwenye maombi yangu, niseme juu ya hofu. Wazee wameniuliza mara nyingi kama mnara unaleta saratani, kama unaua mimba za ng'ombe, kama unafukuza mvua. Huwa nawajibu ninavyojua: mawimbi ya mnara ni ndugu wa mawimbi ya redio ya matangazo na televisheni, hayana nguvu ya eksirei, na nguvu yake hupungua upesi kadiri unavyokaa mbali. Mahali pa kuogopa ni mbele kabisa ya antena, mita chache, na sisi mafundi tukitakiwa kufanya kazi hapo tunaomba redio izimwe kwanza. Wakisikia hivyo kutoka kwa mtoto wao wanatulia. Lakini haikuwa kazi yangu. Hakuna aliyekuja kukaa nao chini ya mti kabla ya kuchimba msingi, na wajomba waliopitwa kwenye ardhi ndio hao hao waliosikia baadaye uvumi wa saratani. Mlitaka wauamini vipi mnara?

Sasa maombi yangu.

Anayetafuta eneo la mnara alale kijijini angalau usiku mmoja, na atembee na mwenyekiti wa kila kitongoji. Penye ardhi ya ukoo, kikao cha ukoo kiwe kwenye ratiba na kwenye malipo, kama udongo unavyopimwa na kulipiwa. Eneo likihama hata mita 300, karatasi ya antena iandikwe upya, na fundi aliye juu apewe haki ya kusimamisha kazi na kupiga picha ya anachokiona bila kukatwa ujira. Mimi ningekuwa na haki hiyo, antena ya pili leo ingekuwa inatazama watu.

Mnara usihesabiwe umekamilika kwa sababu umesimama na kuwaka. Upimwe kwa miguu. Magari ya kupimia mtandao yanapita barabarani, na kijiji cha mlimani hakikai barabarani. Mtu ashuke na simu mbili, moja janja na moja kitochi, apige kutoka ndani ya zahanati, ndani ya darasa, kwenye kisima, ndani ya nyumba yenye bati. Nasisitiza kitochi. Mara nyingine mnafurahia 4G, na mimi naipenda, lakini bibi wa karafuu na muuguzi wa usiku wana simu za vitufe, na simu hizo zinataka 2G, ule mtandao wa zamani. Mnara usiowasikia hao kwetu ni nguzo tu.

Mnara upimwe tena mwezi wa nne, usiku. Ruzuku ya mwisho isilipwe kabla ya kipimo hicho. Na saa ambazo mnara ulikuwa umezima kila mwezi zibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, pale yanapobandikwa mapato na matumizi. Kompyuta zenu zinazo saa hizo hadi dakika, kwa sababu kila mnara unatuma taarifa unapozima na unapowaka. Tunaomba tu tuzione nasi.

Na pale bondeni ambapo mnara mkubwa hauwezi kufika kwa namna yoyote, msijenge mwingine wa mita 40. Nguzo fupi juu ya tuta, antena moja, paneli chache, ingetosha vitongoji vyetu vitatu. Tena iruhusiwe kubeba mitandao yote. Dada yangu hakuchagua kampuni ya simu akiwa anavuja damu.

Mwezi wa nne ujao nitakuwa nyumbani kwa wiki mbili. Natoa ahadi mbele ya wote watakaosoma barua hii: mhandisi yeyote, afisa yeyote, Mheshimiwa yeyote atakayetaka kuja, nitamsubiri stendi ya Morogoro mjini na kwenda naye hadi barabara inapoishia, kisha kwa miguu. Aje na viatu vya matope na kitochi kimoja chenye chaji. Mjomba yuko tayari kukaa kikao cha ardhi ya mfenesi, nimeshamuuliza. Mlinzi ataleta daftari, nimemnunulia mwenyewe na ameshaanza kuandika. Mama atapika ndizi. Na kazi ya kupima tutaianzia zahanati, saa nane ya usiku, kando ya kitanda cha kujifungulia.

Wenu,
Fundi wa minara, mzaliwa wa Uluguru